Wanaume wa Nyuma ya Shuka

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za kabati la dawa, nikaambiwa maneno mazuri, nikapewa saa ya ukutani, nikaenda nyumbani. Vijana niliowaacha kazini waliniomba niwaandikie machache juu ya uuguzi wa zamani. Nadhani walitaka kujua nilivyopanda vyeo. Vyeo vilikuja vimechelewa na havina hadithi. Nitaandika juu ya wanaume, kwa sababu nimewauguza tangu usichana wangu na bado wananishangaza. Mwanamke akiumwa kichwa, majirani watajua kabla uji haujapoa. Mwanaume akioza mguu, atakuambia amekanyaga kitu.

Nilianza kazi mwaka ule wa kuelekea uhuru, katika zahanati ndogo kati ya Rangwe na Rodi Kopany. Ilikuwa nyumba ya mabati, chumba cha dawa upande mmoja na vitanda vichache upande wa pili, na jiko la nyuma ambako tulichemshia vyombo juu ya stovu ya mafuta taa. Maneno mengi nitakayoyataja yalisemwa kwa Dholuo. Nayaandika kwa Kiswahili kwa kuwa nyinyi mmetoka kila pembe ya nchi, na sitaki mtu aniulize maana kila baada ya mstari.

Aliyenipokea siku ya kwanza ni Onditi. Tulimwita dresa, maana kazi yake tangu vita vya wazungu ilikuwa kufunga vidonda, ingawa pale alikuwa pia daktari, karani na mtu wa kufukuza mbuzi kwenye ua. Nilikuwa nimevaa viatu vyeupe vipya. Akavitazama kwa huruma.

"Sista," akasema, "hivi viatu, udongo wetu utavila ukiwa bado umevivaa."

Vililiwa wiki hiyo hiyo. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi hunata kama ugali mbichi, na basi la kwenda Homa Bay hukwama hadi jua liamue kulisamehe.

Nyuma ya mlango wa chumba cha dawa palining'inia pampu ya baiskeli. Nilidhani ni ya Onditi. Kumbe ilikuwa chombo cha kazi kama kipimajoto. Wanaume wa kwetu hawakuja zahanati kwa sababu wanaumwa. Zahanati ilikuwa ya wanawake na watoto, na mwanaume mzima hawezi kupanga foleni nyuma ya mtoto mwenye kamasi. Walikuja kuomba pampu. Onditi alitoka nao hadi nyuma ya jiko, wakachuchumaa kando ya gurudumu, wakaongea habari za mvua na ng'ombe mpaka gurudumu likawa gumu kama jiwe. Mtu akishashika usukani kuondoka, ndipo angesema, "Na kuna hii kitu kidogo."

"Hicho kitu kidogo ndicho kilichomleta," Onditi aliniambia. "Usimuulize mwanaume anaumwa wapi. Muulize baiskeli yake inaumwa wapi."

Wengine walikuja kuomba pampu na baiskeli hawana.

Nilijaribu mbinu hiyo mara moja, Onditi alipokuwa likizo. Mwanaume wa kwanza alininyang'anya pampu kwa adabu, akajaza mwenyewe, akanishukuru, akaenda zake na kidonda chake. Kwa hiyo tukagawana kazi bila kuandikiana: mimi wanawake na watoto, yeye wanaume. Niliumia moyoni, kwa sababu mafunzoni nilikuwa nimefundishwa kuuguza watu, na hakuna aliyeniambia kwamba nusu yao wangenikimbia.

Aliyenikimbia kuliko wote alikuwa Mzee Ogola. Huyu alikuwa rafiki wa baba yangu, wamechunga ng'ombe pamoja tangu utoto wao. Baba alikuwa amefariki nikiwa bado mafunzoni. Niliambiwa aliugua siku chache tu, akalala. Ogola alikuwa mtu mrefu, mwenye kofia ya jua na fimbo nyeusi, na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Sasa, dada yangu mkubwa, kifungua mimba wa nyumbani kwetu, alikuwa na binti aliyekaribia umri wangu, na binti huyo aliolewa na Ogola kama mke wa tatu. Binti wa dada yangu ananiita mama. Kwa hiyo, mimi msichana ambaye bado nilifunga leso kwa kuiga picha za kalenda, nilikuwa mama mkwe wa Mzee Ogola. Kwa Kijaluo, maro wake.

Mkwe na maro hawachezi. Mmoja hali chakula mbele ya mwenzake, hampi mkono, hamtazami usoni, na wakikutana njiani mmoja anapisha kabisa. Jumamosi moja sokoni Rodi, Ogola aliniona ninakuja na kikapu changu cha viazi, akaacha barabara na kuingia kwenye mahindi ya watu, kofia na fimbo na yote, akasimama humo mpaka nikapita. Akina mama wa soko walicheka hadi wakakaa chini. Mimi nilinyoosha shingo kama mama mkwe wa kweli.

Mwaka wa pili baada ya uhuru mvua ndefu zilipita kiasi. Onditi alikuwa amekwenda Homa Bay kuchukua dawa, basi likakwama, na habari zikaja kwamba atakaa huko mpaka barabara ikauke. Asubuhi iliyofuata nilimwona Obiero akiingia uani akisukuma baiskeli kwenye tope. Obiero alikuwa rika la Ogola na msema utani wa kijiji kizima. Juu ya kiti cha nyuma alikuwa Ogola mwenyewe, amekaa upande kama bibi harusi.

Ogola aliponiona, mwili wake ulifanya ulichozoea. Alitaka kushuka aingie kwenye ua wa miti, anipishe. Miguu ilikataa. Akashikilia baiskeli, akainamisha kichwa, jasho likamtiririka hadi kwenye kidevu.

"Sista, habari ya asubuhi," Obiero akasema. "Tumekuja tu kuomba pampu."

"Pampu iko. Na huyo anashika tumbo la nini?"

"Ni tumbo kidogo. Alikula visamaki vya omena havikuiva."

Nilitazama tumbo. Chini ya kitovu lilikuwa limejaa na kukaza kama la mama wa miezi sita. Nikauliza amekojoa lini. Obiero akayatazama matope muda mrefu.

"Yawa, Sista. Ni siku sasa. Linatoka tone, halafu linakataa."

Nilijua ninachokiona. Wanaume wenye umri ule wana tezi ambayo hukua na kubana njia ya mkojo. Kibofu kikijaa namna hiyo na kisifunguliwe, sumu hurudi mwilini na mtu hufa, tena kwa maumivu. Dawa yake ya kwanza ni mpira mwembamba unaopitishwa katika njia ile ile mpaka kibofuni. Mpira ulikuwepo. Barabara haikuwepo, Onditi hakuwepo, na aliyejua kuupitisha nilikuwa mimi peke yangu. Nikamweleza Obiero hayo yote kwa sauti ya kumfikia Ogola.

Ogola alijibu akiwa ametazama ukuta. "Obiero, mwambie maro wangu asante. Nirudishe nyumbani nikafie kwangu."

"Mwambie mtu mzima hafi kwa mkojo," nikasema.

"Mwambie watu wamekufa kwa mkojo."

"Mwambie nitafunga macho."

"Mwambie Mungu hafungi ya kwake."

Nilikasirika. Nilikuwa na miaka michache kazini na hasira ya kutosha wauguzi wote wa wilaya. Mtu anakufa mbele yako kwa kitu ambacho dawa yake imo ndani ya sufuria inachemka, na kinachomuua ni haya. Nikamwambia moja kwa moja, desturi au si desturi, kwamba mficha maradhi kilio humfichua, na kwamba kilio hicho nitakisikia mimi kwa sababu mke wake ni mwanangu. Akafumba macho tu. Nilitaka kulia, nikajikaza.

Ni Obiero aliyeokoa siku ile, naye hakujua. Alikuwa akijipangusa tope huku akinung'unika. "Kama ingekuwa kazi ya kuambiwa tu kwa dirisha, ningefanya mimi. Lakini mimi najua jembe."

"Rudia hapo," nikamwambia.

"Nimesema najua jembe."

"La, kabla ya jembe."

Tukafunga kamba kutoka msumari wa dirisha hadi msumari wa kabati, nikatundika shuka la kitanda katikati. Lilikuwa shuka zito la serikali, huoni hata kivuli. Ogola akalazwa upande wa pili, ametazama ukuta. Mimi nilibaki upande huu na sufuria yangu. Kwanza nilimsugua Obiero mikono kwa sabuni na brashi mpaka akauliza kama nataka kumla. Halafu nikampitishia vitu kimoja kimoja chini ya shuka: maji ya dawa, pamba, mafuta, beseni, na mwisho ule mpira mwekundu juu ya kitambaa safi.

"Mshike kwa mkono wa kushoto, umwinue aelekee juu."

Nikasogeza sikio kwenye shuka.

"Obiero, umeshika?"

"Nimeshika. Sista, nimemjua huyu mtu tangu tukiwa watoto, lakini leo tumefika mbali."

"Pamba kwanza. Halafu mpira uingie polepole kama uzi kwenye sindano. Ukikataa, usilazimishe."

Nilisikia pumzi za watu wawili. Nilikuwa nimeshika ukingo wa shuka kwa ngumi, na mikono yangu ilijua kila hatua na haikuruhusiwa kugusa.

"Imekataa," Obiero akasema, na sauti yake haikuwa na utani tena. "Sista, imegonga mahali."

"Usisukume. Mwambie avute pumzi ndefu. Halafu akohoe."

Wote wawili wakakohoa.

"Si wewe, Obiero!"

"Samahani. Nimeshtuka. Yawa, inaenda! Inaenda, Sista!"

Kisha nikasikia mkojo ukigonga beseni. Nimesikia watoto wengi wakilia kwa mara ya kwanza duniani, lakini sauti ya beseni lile naiweka pamoja nao. Nikamwambia Obiero aubane mpira kwa vidole, aachie kidogo, abane tena, kwa sababu kibofu kilichojaa sana hakimwagwi kwa pupa. Ogola alimwita Nyasaye, Mungu wake, mara nyingi. Halafu nikasikia kitu kingine.

"Sista," Obiero akanong'ona karibu na shuka. "Analia. Nifanye nini?"

"Mwache alie. Endelea kubana na kuachia."

Ogola alikaa pale mpaka barabara ilipokauka, mpira ukiwa umefungwa vizuri pajani, na shuka likabaki limetundikwa. Siku ya kwanza alisema na mimi kupitia Obiero. Siku ya pili Obiero alikwenda kukamua ng'ombe, na mgonjwa akabanwa na kiu. Nikasikia mtu anakohoa kidogo. "Mama," ile sauti ya kuita ng'ombe ikasema, ndogo sana, "maji ya kunywa yako wapi?" Nikayapitisha chini ya shuka. Baada ya hapo aliongea. Aliongea juu ya mahindi, juu ya ng'ombe wa mahari waliokufa njiani, juu ya usiku ambao hapati usingizi, mambo ambayo nina hakika wake zake watatu hawakuwahi kuyasikia.

Wanaume wenzake walikuja kumwona. Walikaa upande wake, wakanigeuzia mgongo bila kuniona, na kwa kuwa hawakuniona wakasahau kuogopa. "Sista, uko huko? Kuna rafiki yangu anakojoa damu." Nilimwambia amlete rafiki yake. "Amekuja," akajibu. Mwingine alikuwa na uvimbe aliouficha chini ya kanzu ya kanisa. Mwingine, Msabato mpole mwenye duka Rangwe, hakuwa na ugonjwa. Mtoto wake alikuwa amezama mtoni, na yeye ndiye aliyewabembeleza wote matangani. Alikaa nyuma ya shuka akasema tu, kwa muda mrefu. Alipomaliza akauliza kama kuna kidonge. Nikamwambia hakuna, lakini aje tena Jumatatu. Alikuja.

Onditi aliporudi na maboksi yake ya dawa, alisimama mlangoni akalitazama shuka na mstari wa migongo. Alicheka kwanza. Halafu akaenda kuchukua nyundo, akang'oa ile kamba yangu legevu na kufunga waya. "Hii," akasema, "imeshinda pampu." Wapo wakubwa wa kazi ambao wangenigombeza. Namshukuru Onditi mpaka leo, na kila ninapomwona mkubwa anayempigilia kijana wake msumari wa kutundikia jambo jipya, namkumbuka.

Miaka michache baadaye nilihamishiwa Migori, na gari lilipopita Awendo, ambako siku hizo hakukuwa na lori la miwa wala moshi wa kiwanda cha sukari, nilikuwa na shuka langu ndani ya sanduku. Wadi ya wanaume kule ilikuwa na Wajaluo na Wakuria. Mkuria alimcheka Mjaluo kwamba hajatahiriwa, Mjaluo aliyeng'olewa meno ya chini kwa desturi ya kwao akamwuliza Mkuria kama aliyaogopa maumivu hayo. Kila mmoja alikuwa na kipimo chake cha mwanaume. Nyuma ya shuka waliniuliza swali lile lile, tena kwa sauti ile ile ya chini: Sista, nitapona? Nawashukuru wote. Ni heshima kubwa kuulizwa hivyo na mtu ambaye hajawahi kumwuliza mwingine.

Lakini nimeruka siku moja, nami niliiruka makusudi. Ni asubuhi ambayo Ogola aliondoka.

Barabara ilikuwa imekauka na tulikuwa tunangoja Landrova ya kumpeleka hospitali kubwa kupasuliwa ile tezi. Atapasuliwa vizuri, atarudi, atawaleta kaka zake wote wapimwe, na atafika uzee wa kusahau majina yetu. Lakini asubuhi hiyo hakuna aliyejua. Alimwambia Obiero akaangalie kama gari linakuja. Obiero akatoka.

"Mama, uko hapo?"

"Niko."

"Nilikuambia watu wamekufa kwa mkojo."

"Nakumbuka."

Nikasikia kitanda kikilia chini yake.

"Baba yako hakuugua siku chache. Aliugua msimu mzima. Tulikuwa tunanywesha ng'ombe, akaenda nyuma ya kichaka, akakaa sana. Aliporudi aliniambia, Ogola, maji yamekataa. Halafu akaniapisha nisimwambie mtu. Hasa wewe."

Yeye akaendelea, polepole, kama mtu anayevuka mto asioujua kina.

"Nilimwambia, si binti yako anasomea kazi hiyo? Akasema, ndiyo sababu. Akisikia atakuja, na akija ataniona. Kwa hiyo nikanyamaza. Nilijua mimi, na Obiero hakujua, na mama yako hakujua. Nilidhani kunyamaza ndio uanaume. Nikamzika. Halafu ikanijia mimi, ile ile. Nikasema, kama yeye alikufa kiume, mimi ni nani niponywe na mtoto wake?"

Baba yangu alikuwa amekufa kwa kitu nilichokuwa ninajifunza mwezi ule ule alipokuwa akikificha. Huenda siku aliyosimama nyuma ya kichaka, mimi nilikuwa darasani nimeshika mpira kama huo, ninasifiwa kwa mkono mwepesi. Tulifundishwa kwamba muuguzi halii mbele ya mgonjwa. Nikauma leso. Nikaweka chini beseni nililokuwa nimeshika ili lisigonge kitu.

"Mama," Ogola akaita. "Unalia?"

"Hapana."

"Hapana ya namna hiyo naijua. Nimeisema maisha yangu yote." Nikasikia akijisogeza, akiuelekea ukuta zaidi, kwa shida, pamoja na mpira wake. "Lia, mama. Mimi nimetazama huku. Sitageuka."

Nililia mpaka gari lilipopiga honi barabarani. Hakugeuka.